Miezi 62 Iliyobaki Nyuma

Mtu wa Ilemba akikuaga kwamba anakwenda kufuatilia mafao, mwombee safari njema. Ilemba iko chini, bonde la Ziwa Rukwa. Ofisi ziko juu. Inabidi apande ukingo wa Lyamba lya Mfipa ndipo afike Laela, makao makuu ya halmashauri, au Sumbawanga mjini. Masika yakishika kasi, safari ya siku moja huwa ya mbili. Halafu anafika dirishani na kuambiwa, "Mama, hapa kuna barua moja haipo."

Tuseme mama huyo ni muuguzi. Alianza kazi katika hospitali ya misheni, mwajiri akamwandikisha mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, akachangia miezi 62. Baadaye akapata ajira ya serikali, akapangiwa zahanati huko bondeni, na tangu hapo anakatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda mfuko wa watumishi wa umma, ambao sasa ni PSSSF, huku mwajiri akiongeza asilimia 15. Akiwa na miaka 55 anataka kustaafu kwa hiari. Kwenye mfuko huo ana miezi 130.

Hapo ndipo penye mtego. Pensheni ya kila mwezi inadai miezi 180 ya kuchangia, yaani miaka 15. Kwa 130 peke yake, mama huyu analipwa fedha za mara moja na hadithi inaishia hapo. Ile 62 ya hospitali ikijumlishwa inakuwa 192, naye anaingia kwenye orodha ya wanaopokea kila mwezi hadi kufa. Nimeona watu wakikata tamaa ya kufuatilia kwa kuwa kiasi kilichobaki mfuko wa zamani kilikuwa kidogo. Wanatazama shilingi wakati kinachowaokoa ni miezi.

Wengi wetu tukisikia kuhamisha michango tunapata picha ya gunia la mpunga linalotolewa ghala hili na kupelekwa lile. Uingereza inakaribia kuwa hivyo: thamani ya pensheni yenyewe husafiri kutoka mfuko hadi mfuko, sheria inaupa mfuko miezi 6 kukamilisha, na tangu Novemba 2021 mfuko unaweza kuzuia uhamisho ukiona dalili za utapeli. Kwa hiyo kule mzee anaweza kucheleweshwa kwa kulindwa dhidi ya wezi. Kwetu Tanzania msingi ni kujumlisha vipindi vya kuchangia, na anayesubiriwa ni karani. Mfuko mmoja unahitaji uthibitisho kwamba mtu huyu ndiye yule, alianza tarehe hii, akaacha tarehe hii, na michango ya katikati iliingia yote. Pasipo uthibitisho huo, faili halisogei, hata mwenye faili awe anapiga simu kila Jumatatu.

Basi tuitafute ile barua. Mara nyingi si barua, ni jina. Ufipa, yaani eneo hili la Sumbawanga, ni nchi ya Wakatoliki wa siku nyingi. Mtu ni Yohana kwenye cheti cha ubatizo, John kwenye cheti cha kidato cha nne, na kitambulisho cha NIDA kimempa jina la babu ambalo mwajiri wa kwanza hakulijua. Kwa jirani ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watatu, na mmoja tu ndiye aliyechangia.

Pengine ni faili lenyewe lililopotea njia. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa, na Kalambo ikawa wilaya. Mwalimu aliyeanzia Mpanda, ambayo sasa iko Katavi, akahamia Ilemba anaweza kuwa na nusu ya maisha yake ya kazi kwenye masijala ya mkoa mwingine. Ongeza na mifuko yenyewe: PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, iliyoanza kazi Agosti 2018. Kumbukumbu za mifuko minne zilipaswa kuongea lugha moja.

Kwa walioajiriwa serikalini kabla ya Julai 1999 kuna jambo la pekee. Kabla ya PSPF kuanza mwezi huo, mtumishi wa umma wa pensheni hakuwa akichangia. Deni la miaka ile ni la Serikali. Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalum ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni hilo. Kwa mstaafu mmoja mmoja, ushahidi wa miaka hiyo ni barua ya ajira ya kwanza, ile iliyopigwa kwa taipureta na kuliwa pembe na panya. Itoe nakala leo.

Lakini sababu inayoniudhi kuliko zote ni mwajiri aliyekata na hakupeleka. Hati ya mshahara inaonyesha makato, taarifa ya michango inaonyesha sifuri. Kudai michango hiyo ni kazi ya mfuko, na mwenye kudaiwa ni mwajiri. Mfanyakazi asikubali kurushwa kama mpira kati yao. Hati zake za mshahara ndizo silaha, hivyo zisifungiwe maandazi.

Na hasara ya miezi isiyoonekana inapimika. Kanuni ya sasa inagawa kwa 580: wastani wa mshahara wa mwaka, mara miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi ana 9,600,000 kwa mwaka, kwa hiyo kila mwezi usioonekana unampunguzia takriban shilingi 16,550 za pensheni ya mwaka, kabla ya kutenga mkupuo wa kustaafu. Miezi 10 ni zaidi ya 165,000, kila mwaka, maisha yake yote.

Ningekuwa muuguzi yule, ningeanza siku niliyoacha kazi hospitalini, kwa kuomba taarifa ya michango na barua ya kuthibitisha utumishi kabla mhasibu anayenijua hajahama. Taarifa ya PSSSF ningeitazama kwenye simu kupitia PSSSF Kiganjani kila baada ya miezi michache. Maombi ya kujumlisha ningeyapeleka kwa maandishi kupitia kwa afisa utumishi, nakala yangu ikigongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Simu haina muhuri. Kimya kikizidi, barua ya pili inataja tarehe ya ile ya kwanza, na nakala inakwenda idara ya hifadhi ya jamii kwenye wizara yenye dhamana ya kazi. Na ningefanya hayo yote nikiwa bado na mshahara wa kulipia nauli ya kupanda Lyamba.