SOMO LA TISA: KUPANGA DUKA NA MAHALI PA KAZI

  

Wiki iliyopita tulijifunza kuandika daftari la duka: fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Leo daftari tutaliacha juu ya meza, tuitazame meza yenyewe. Ina kimo gani? Imewekwa wapi? Nani aliamua iwe pale? Katika maduka mengi na karakana nyingi hakuna aliyeamua. Meza iliwekwa pale siku ya kwanza kwa sababu palikuwa na nafasi, na tangu siku hiyo watu wameizunguka.

Somo letu la leo ni kupanga mahali pa kazi ili pamfae mtu afanyaye kazi na mtu ajaye kununua. Chukueni kalamu. Tutapiga hesabu kidogo.

Duka la shangazi

Nilipokuwa mtoto, jioni baada ya shule nilikuwa nikimsaidia shangazi yangu dukani. Lilikuwa duka dogo la vyakula, chumba kimoja. Kaunta ilikuwa mbele, karibu na mlango. Gunia la sukari lilikuwa nyuma kabisa, pembeni, limesimama sakafuni. Mafuta ya taa yalikuwa karibu na unga. Dirisha lilikuwako moja tu, nalo lilizibwa na makatoni matupu.

Kila jioni shangazi alishika kiuno na kusema, "Ni uzee tu, mwanangu." Wakati huo hakuwa amefika miaka hamsini. Mimi nilimsadiki. Leo najua kwamba haukuwa uzee. Lilikuwa gunia la sukari.

Tupige hesabu. Kutoka kaunta mpaka kwenye sukari tuseme ni hatua 7. Kwenda na kurudi ni hatua 14. Tuseme tena kwamba kwa siku moja watu 40 hununua sukari, huyu robo, huyu nusu. Zidisheni 14 kwa 40. Mmepata ngapi? Naam, hatua 560. Sasa tusogeze sukari iwe hatua 2 tu kutoka kaunta. Kwenda na kurudi ni 4. Mara 40 ni hatua 160. Toeni 160 katika 560: tumeokoa hatua 400 kwa siku moja, bila kutumia hata senti.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: kinachouzwa mara nyingi kikae karibu na mkono. Kinachouzwa mara moja kwa juma kinaweza kukaa mbali.

Zaidi ya kutembea, shangazi aliinama mara 40. Gunia likianza kwisha, alizamisha kichwa chote ndani ili afikie sukari ya chini. Kuinama huko ndiko kulikomla mgongo.

Mwashi aliyehesabu

Jambo hili lilimshughulisha Mmarekani mmoja, jina lake Frank Gilbreth. Alianza kujifunza uashi mwaka 1885, akiwa kijana wa miaka 17. Aliona kwamba kila fundi huinama mpaka chini kuokota tofali, kisha hujiinua na kulipanga ukutani. Tofali moja si zito. Lakini kila fundi anapojiinua hunyanyua pia kiwiliwili chake, kichwa na mabega, nacho ni kizito kuliko tofali mara nyingi.

Gilbreth akatengeneza jukwaa lenye rafu. Matofali na chokaa vikakaa juu ya rafu hiyo, karibu na kimo cha mkono, na ukuta ulipopanda jukwaa nalo lilipandishwa. Kabla ya hapo, fundi alifanya miendo 18 kwa kila tofali. Baadaye ilibaki 5 hivi. Fundi aliyekuwa akipanga matofali 120 kwa saa moja aliweza kupanga 350.

Angalieni vizuri: hakumwambia mtu afanye haraka. Alibadili mahali pa kuweka matofali.

Kimo cha meza

Meza ifaayo ina kimo gani? Jibu halimo dukani kwa seremala. Limo katika mwili wako. Simama wima, legeza mabega, kunja mkono. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni mpaka kiwiko chako. Hicho ndicho kipimo chetu.

Kwa kazi ya kawaida ya kusimama, kama vile kufunga vifurushi, meza iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 5 mpaka 10. Kwa kazi ya nguvu, kama vile kupiga randa au kukanda unga mwingi, ishuke zaidi, sentimita 15 mpaka 40, ili uzito wa mwili uisaidie mikono. Kwa kazi ya macho, kama vile kutengeneza saa, ipande juu kidogo ya kiwiko, ili shingo isiinuke na kushuka siku nzima.

Je, kama watu wawili wa vimo mbalimbali hutumia meza moja? Itengenezwe kwa kimo cha yule mrefu, na yule mfupi apewe jukwaa la kusimamia, imara na pana, lisiloyumba. Mrefu hawezi kujifupisha, lakini mfupi aweza kusimama juu ya kitu.

Rafu

Rafu nazo zina kanuni yake, nayo ni rahisi. Vitu vizito vikae kati ya magoti na kiuno. Vitu vinavyotumika mara nyingi vikae kati ya kiuno na mabega. Juu ya kichwa viwekwe vitu vyepesi tu, kama vile vikapu au makatoni ya viberiti. Mtu akimwekea mwenziwe ndoo ya rangi juu ya kichwa, amemwekea ajali.

Mafuta ya taa na sabuni viwe mbali na unga, mchele na chai. Harufu huhama hata pale ambapo mikono haihami. Mnunuzi akionja uji wenye harufu ya mafuta ya taa, harudi tena, wala hatakuambia sababu.

Mwanga na mizani

Wenyeji wa Unguja wanaijua milango ya maduka ya zamani katika Mji Mkongwe. Ni vibao virefu vya mbao vilivyounganishwa kwa bawaba. Asubuhi hukunjwa kando, na upande wa mbele wa duka huwa wazi. Mwanga huingia, upepo hupita, na bidhaa huonekana kutoka njiani. Nje, penye baraza, mgeni huketi na kuzungumza. Mafundi waliojenga hivyo walijua kwamba mtu hununua kile anachokiona, na hurudi pale anapokaribishwa.

Duka lako huenda halina milango ya namna hiyo. Basi anza na kidogo. Ondoa makatoni dirishani. Paka kuta chokaa nyeupe, maana rangi nyeupe huurudisha mwanga chumbani na rangi nyeusi huumeza. Fundi cherehani atumiaye mkono wa kuume aketi ili mwanga umjie kutoka kushoto, kivuli cha mkono kisifunike mshono. Atumiaye mkono wa kushoto afanye kinyume.

Na mizani je? Mizani ikae penye mwanga, mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wanaiona wote wawili. Mizani iliyofichwa nyuma ya makopo huzaa ugomvi hata kama ni ya haki. Mnunuzi akiona mwenyewe mshale umesimama wapi, hana neno.

Kaunta au kujichagulia?

Zamani karibu maduka yote ya vyakula yalikuwa na kaunta. Mnunuzi alitaja anachotaka, na muuzaji alikileta. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis huko Marekani, mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka la namna nyingine, lililoitwa Piggly Wiggly. Mnunuzi aliingia kwa kilango, akachukua kikapu, akafuata njia iliyopita mbele ya rafu zote, akachagua mwenyewe na kulipa mwishoni. Maduka makubwa tunayoyaona leo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala yanafuata desturi hiyo.

Lakini kikapu kilikuwa na kasoro. Kikijaa, mkono ulichoka, na mnunuzi aliacha kununua. Mwaka 1937, katika mji wa Oklahoma City, mwenye maduka Sylvan Goldman alikitazama kiti cha kukunjwa. Akawaza: tukitia magurudumu miguuni, na kikapu pale pa kukalia, itakuwaje? Ndivyo kilivyozaliwa kigari cha kusukuma dukani. Kwanza watu walikikataa. Ikambidi awalipe watu wazunguke dukani wakivisukuma, ili wengine waone na kuzoea. Kitu kipya, hata kikiwa kizuri, huhitaji kuonyeshwa.

Je, kila duka liondoe kaunta? La, hasha. Anayeuza sukari ya kupima na mafuta ya kupima anahitaji kaunta. Anayeuza peke yake katika chumba kidogo hawezi kulinda rafu kila upande. Tusiige duka la mwingine. Tuitazame kazi yetu, kisha tupange.

Lakini kama watu huingia ndani, waachieni njia. Njia ya sentimita 90 humtosha mtu mmoja mwenye kikapu, na humtosha pia mtu aliye katika kiti cha magurudumu. Watu wawili wakitakiwa kupishana, ipimwe sentimita 120 au zaidi.

Mlango

Sasa nafika kwenye jambo kubwa kuliko yote, nanyi niwaombe msikilize kwa makini.

Tarehe 25 Machi 1911, katika mji wa New York, moto uliwaka katika kiwanda cha Triangle kilichoshona blauzi za wanawake. Kiwanda kilikuwa katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Moto ulianzia chini ya meza ya kukatia nguo, katika sanduku la vipande vya vitambaa. Katika ghorofa ya 9 meza za cherehani zilipangwa kwa safu ndefu, na kupita kati yake kulikuwa kugumu. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, maana desturi ilikuwa wafanyakazi watoke kwa njia moja ili mikoba yao ikaguliwe. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana.

Msidhani kwamba mambo haya yalikwisha zamani. Mwezi wa Novemba 2012 kiwanda cha nguo cha Tazreen huko Bangladesh kiliungua, na watu wasiopungua 112 walikufa. Huko pia ilisimuliwa habari ya milango iliyofungwa.

Mlango uliofungwa ulikusudiwa kulinda mali. Lakini mali hununuliwa tena. Basi andikeni kanuni hizi nne. Kwanza, mahali pa kazi penye watu wengi pawe na milango miwili, mbali mmoja na mwingine, inayofunguka kwa nje. Pili, usiweke kitu mbele ya mlango, hata kwa saa moja. Tatu, vipande vya vitambaa, vumbi la mbao na makaratasi vitolewe kila jioni. Nne, kama mtu hulala dukani nyuma ya wavu na kufuli, ufunguo uwe na mahali pake pamoja, karibu na mlango, ambapo kila alalaye humo anaweza kuufikia hata gizani.

Kazi ya nyumbani

Juma hili, kabla ya kununua chochote, chora duka lako au karakana yako kwenye karatasi. Tia alama penye mlango, dirisha, meza, na vitu vitano unavyovitumia zaidi. Hesabu hatua kutoka meza mpaka kila kimoja. Kisha njoo na karatasi hiyo darasani.

Maneno ya kujifunza kusoma na kuandika: *kaunta, rafu, kiwiko, bawaba, mizani, karakana, ufunguo*.

Maswali ya kuzungumza na mwalimu:
1. Kwa nini Gilbreth aliweka matofali juu ya rafu?
2. Mizani ikae wapi, na kwa nini?
3. Fundi cherehani yuko hatua 6 kutoka kwenye pasi, naye huiendea mara 25 kwa siku, kwenda na kurudi. Hutembea hatua ngapi?
4. Moto ukiwaka leo mahali unapofanyia kazi, utatokea wapi?

Huenda mnataka kujua habari za shangazi. Siku moja ya mapumziko tuliliondoa gunia pembeni, tukaiweka sukari katika debe lenye kifuniko, juu ya sanduku imara, kando ya kaunta. Mafuta ya taa yalihamishiwa uani, katika kibanda chenye kufuli. Makatoni tuliyaondoa dirishani. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mgongo wake haukupona siku hiyo. Lakini baada ya miezi michache alianza tena kuketi nasi jioni, na neno "uzee" halikusikika mpaka ulipofika uzee wenyewe.

Somo letu limekwisha. Juma lijalo, saa ileile, tutajifunza kuandika barua ya kuagiza bidhaa. Kwaherini.