Usawa Mahali pa Kujifunzia Kazi

Wengi wetu tutakaomaliza masomo tutatafuta mahali pa kujifunza kazi ya mikono: ushonaji, useremala, umeme au ufundi wa magari. Huku kwetu Jabe, jirani na Bwiza na Buyenzi, kijana asiye na karo hukimbilia misheni au chama kisichofanya kazi kwa faida. Basi yafaa tujue usawa mahali kama hapo maana yake nini, kwani sisi tutakuwa wanafunzi wake, nanyi mliotutangulia baadhi yenu mmekwisha kuwa wakubwa wake.

Katika Burundi usawa ulitafutwa kwanza kwa hesabu. Ili vita vilivyoanza mwaka 1993 vipate mwisho, Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, kisha ikafuata Katiba ya 2005. Katiba hiyo iliamuru kwamba katika wabunge 100, 60 wawe Wahutu na 40 Watutsi, wanawake wasipungue 30, tena Watwa waongezewe viti 3. Nia ilikuwa njema, yaani pasiwe tena na kundi linalojiona limefungiwa mlango.

Hesabu hiyo ilipopelekwa kazini ikaleta mabishano. Sheria ya Januari 2017 iliyataka mashirika ya kigeni yasiyo ya faida yafuate kipimo hicho cha 60 na 40 katika kuajiri wenyeji. Tarehe 1 Oktoba 2018 mengi yalisimamishwa kwa miezi mitatu mpaka yatimize masharti. Serikali ilitaka kazi hizo zisishikwe na kabila moja. Baadhi ya mashirika yakajibu kwamba kuandika kabila la kila mfanyakazi ni hatari katika nchi ambako watu waliuawa kwa ajili ya kabila lao. Handicap International, lililowahudumia wenye ulemavu, likaona heri lifunge kazi kuliko kuandika. Hivyo waliokosa msaada ni wale wale wenye kuhitaji usawa kuliko wote.

Naona kila upande ulikuwa na neno la kweli. Asiyehesabu kabisa aweza kuajiri jamaa zake mwaka hata mwaka, naye akisema mlango u wazi. Lakini mwenye kuhesabu tu aweza kupata 60 na 40 kamili, na bado Mtwa akapewa ufagio, msichana akatumwa kupika chai, na kijana wa magongo akashindwa kupanda ngazi. Hesabu huonyesha nani ameingia, wala haionyeshi nani anajifunza.

Mfano mwingine tunao mjini mwetu. Kituo cha Vijana cha Kamenge kilianzishwa na mapadre Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kaskazini ya Bujumbura. Vita viliigawa mitaa ile: Kamenge ikawa ya Wahutu, Ngagara ya Watutsi. Kituo kikawaita vijana wa pande zote waje kusoma, kucheza mpira na kufanya kazi pamoja. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Hapo vijana walijuana kwa kushika kazi moja.

Kwa hiyo, ukiingia katika karakana yo yote, tazama mambo haya. Tangazo la nafasi limebandikwa wapi, na je, asiyejua Kifaransa aweza kulisoma? Nani hupewa cherehani nzima, na nani ile mbovu? Mama anyonyeshaye amepangiwa saa anazoziweza? Meza imepunguzwa urefu kwa asiyeweza kusimama? Mwanafunzi akionewa, yuko mtu wa kumwendea asiye bwana wake wa kazi? Kila jambo hapo laweza kutengenezwa bila fedha nyingi, wala halihitaji kuuliza kabila la mtu.

Nanyi wakubwa wetu mlio na karakana na ofisi, tunawaomba jambo moja. Mtakapochagua wanafunzi, hesabuni mjue ni nani hajafika, mkamtafute mtaani kwake. Akiisha kufika, mpeni chombo kile kile mlichowapa wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nchi yetu ina mengi ya kujengwa.