Sola ya Unguja Haipigiwi Hesabu ya Ulaya

Kilowati moja ya paneli za sola juu ya paa la Ujerumani huzalisha kama uniti 1,000 za umeme kwa mwaka. Kilowati hiyohiyo ukiifunga Fuoni au Bububu itakupa karibu uniti 1,450. Hata hivyo, anayeokoa pesa nyingi zaidi ni Mjerumani. Uniti moja ya umeme wa gridi humgharimu karibu shilingi 1,000 ukizibadilisha euro zake, kwa hiyo kila uniti asiyoinunua inamwachia kiasi hicho mfukoni. Kwa upande wetu, tukichukua shilingi 300 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi, paneli ileile inatuokolea chini ya nusu ya anachookoa yeye, na jua letu lote hili.

Naanza na tarakimu hizo kwa sababu ushauri mwingi wa sola unaoingia majumbani mwetu unatoka nchi za baridi. Ndugu aliye London au Milton Keynes anajenga nyumba yake Fumba au Mwera, anapiga simu: jaza paneli paa zima, zielekeze kusini, ziinamishe sana, nunua betri kubwa, pesa yako itarudi upesi. Anasema kwa mapenzi, na huko aliko maneno yake ni ya kweli. Kwa nyumba ya Unguja, karibu kila kipande cha ushauri huo lazima kigeuzwe.

Tuanze na pesa, maana ndipo watu wanapoumia. Paneli huokoa pesa pale tu umeme wake unapotumika. Ujerumani ina sheria tangu mwaka 2000 inayompa mwenye paneli haki ya kuuza ziada yake kwenye gridi kwa bei iliyopangwa. Kwetu, mwenye nyumba asiweke shilingi hata moja ya mauzo katika hesabu yake mpaka awe na makubaliano ya maandishi kutoka Shirika la Umeme, ZECO. Pasipo makubaliano hayo, umeme wa saa saba mchana usiopata kazi umepotea.

Chukua familia inayotumia uniti 8 kwa siku: friji, feni, taa, televisheni, pampu ya maji, pasi. Watoto wako skuli, wakubwa wako kazini, na matumizi makubwa yanaanza magharibi. Fundi wa kwanza anawapa makadirio ya kilowati moja bila betri kwa shilingi milioni 2. Wa pili anawashauri kilowati 3 kwa milioni 5.5, na anawaonyesha kwamba kila kilowati inashuka bei. (Bei hizi ni za mfano, wewe weka zilizo kwenye karatasi yako, na bei ya uniti isome kwenye risiti yako ya Tukuza, umeme wa kulipia kabla.) Mfumo mdogo unatoa uniti 4 kwa siku, na familia ikijipanga zote zinatumika mchana. Hiyo ni shilingi 1,200 kwa siku, 438,000 kwa mwaka, na gharama inarudi kwa miaka minne na nusu hivi. Mfumo mkubwa unatoa uniti 12, lakini mchana nyumba ile haina kazi ya kuzipa zaidi ya uniti 4 na nusu. Akiba yake ni kama shilingi 490,000 kwa mwaka, na gharama inarudi baada ya miaka 11. Paneli mara tatu, akiba karibu ileile.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa anayetaka sola huwa ni hili: mchana nyumbani kwako kunafanyika nini? Pampu ya kisima inaweza kufungwa saa ya kuwashia, ikajaza simtank kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Nguo za wiki nzima zinaweza kupigwa pasi Jumamosi adhuhuri. Friji ya barafu inaweza kugandisha mchana na kupumzika usiku. Anayeuza barafu na juisi, fundi cherehani, mwenye saluni, nyumba ya wageni yenye mashine ya kufulia: hawa kazi yao inakwenda pamoja na jua, na hesabu yao ni nzuri kuliko ya mfanyakazi wa ofisini mwenye nyumba kubwa kuliko zao.

Jambo moja tunawashinda kabisa watu wa nchi za baridi. Oslo mwezi wa Disemba mchana una urefu wa kama saa sita tu, na ndipo nyumba inapohitaji umeme mwingi wa kupasha joto. Paneli zao hushiba jua mwezi wa Juni, wakati nyumba haina shida ya joto. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mchana mrefu wa mwaka hauuzidi mfupi hata kwa saa moja nzima. Na feni na viyoyozi vinalia zaidi wakati wa Kaskazi, Januari na Februari, jua linapokuwa kali. Mahitaji na jua vinakutana. Miezi ya kuangalia ni ya Masika, Aprili na Mei, mawingu yanapokaa siku nzima. Mwenye kutaka kujua mfumo wake unaweza nini, aupime kwa miezi hiyo.

Lakini mwanga wa jua ni jambo moja na joto lake ni jingine. Paneli inataka mwanga, joto linaidhuru. Nguvu iliyoandikwa mgongoni mwake, tuseme wati 550, ilipimwa ikiwa kwenye nyuzi joto 25. Kila nyuzi moja inayozidi hapo huondoa kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli iliyolazwa juu ya mabati ya Mwanakwerekwe saa saba mchana mwezi wa Januari hufika nyuzi 60 bila taabu, na hapo imeshapoteza zaidi ya asilimia 10. Ile ya Oslo, siku ya jua na theluji, inaweza kutoa hata zaidi kidogo ya kilichoandikwa. Sisi dawa yetu ni upepo. Acha nafasi ya shubiri nzima kati ya paneli na bati, upepo upite chini yake. Mafundi wengi huzibana karibu kabisa na bati ili zipendeze, na mwenye nyumba anaulipia urembo huo kila siku ya jua.

Mwelekeo nao ugeuze. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la saa sita mchana hupita upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita kusini, lakini juu sana. Kwa hiyo paneli za Unguja zielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo, nyuzi 10 hivi, wa kutosha mvua kuteremka na vumbi. Paa likiwa limeelekea mashariki au magharibi, usivunje chochote: kwa mwinamo mdogo kama huo unachopoteza ni kidogo. Mwinamo mkubwa wa Uingereza hapa unakupa hasara na unaikaribisha dhoruba.

Mji Mkongwe ni habari nyingine, na naomba wenye nyumba wa Shangani, Malindi na Mkunazini wanisikilize kwa utulivu. Kwanza ni kivuli. Nyumba zimebanana, moja ina ghorofa mbili, jirani yake nne, halafu kuna mnara, na simtank juu ya kila paa. Ndani ya paneli seli zimeunganishwa kwa mstari, umeme ukipita moja baada ya nyingine kama maji katika mpira. Kivuli cha tangi kikifunika seli chache, kinapunguza nguvu ya sehemu nzima ya paneli, na paneli zilizofungwa nayo katika mstari mmoja zinaweza kuathirika pia. Kabla ya kulipa, panda darini saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, uchore kwa chaki mahali kivuli kinapoangukia. Kazi hiyo haina gharama, na hakuna programu ya simu inayolijua tangi la jirani yako.

Pili ni nyumba yenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Mapaa mengi ya zamani yalikuwa bapa, ya chokaa, na baadaye yakafunikwa mabati. Paneli kubwa ya siku hizi ina uzito wa karibu kilo 28. Sita pamoja na reli zake zinakaribia kilo 200. Boriti nzima itabeba. Boriti iliyooza ncha ndani ya ukuta haitabeba, na ncha ndiyo usiyoiona. Nimeona tundu la bolti lililotobolewa katika ukuta wa chokaa na kuzibwa kwa saruji. Saruji haishikamani vizuri na chokaa wala haipumui nayo, ufa mwembamba kama unywele ukafunguka pembeni, maji ya mvua yakaifuata bolti ndani mpaka kwenye kichwa cha boriti. Kutu ya bolti ikavimba, ikapasua jiwe. Tundu la kidole limeigharimu nyumba ghorofa. Zuia hayo kwa kuzifunga reli kwenye mbao za paa la mabati, wala usiuguse ukuta. Palipotobolewa pazibwe kwa chokaa.

Tena Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote inayobadilisha sura ya jengo inapita kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nenda na mchoro kabla ya kununua vifaa. Kwa maoni yangu, nyumba nyingi za humo zinafaa paneli mbili au tatu, zilazwe pasipoonekana kutoka njiani.

Sasa betri. Betri ya lithiamu ya uniti 5, tuseme kwa shilingi milioni 3.5, ikitoa uniti 4 kila usiku kwa miaka 10, itatoa jumla ya uniti 14,600. Gawanya: shilingi 240 kwa kila uniti, kwa kuihifadhi tu. Ongeza gharama ya kuizalisha kwenye paneli na inveta, kama shilingi 90, umefika 330. Uniti ya gridi ni 300. Betri, basi, haiokoi pesa mbele ya umeme wa ZECO, na anayekuuzia kwa hoja hiyo mwombe afanye mgawanyo huu mbele yako.

Betri inanunuliwa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo Unguja tunaijua. Mwaka 1980 waya wa kwanza wa chini ya bahari uliunganisha Ras Kiromoni, bara, na Ras Fumba, kwa msaada wa Norway. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa karibu mwezi. Disemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu pampu za maji zimesimama, watu wanatafuta maji kwa ndoo, na Mji Mkongwe unanguruma kwa majenereta. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100 kwa fedha za Marekani, na hali ikawa bora sana. Bado umeme wetu karibu wote unavuka bahari. Jenereta dogo la petroli hutoa kama uniti 2 kwa lita. Lita ikiwa shilingi 3,000, kila uniti ni 1,500, mbali na oili na kelele. Mbele ya jenereta, betri ya shilingi 330 kwa uniti ni rahisi mno. Kwa mwenye dawa za sukari kwenye friji, au duka la samaki, hesabu imekwisha hapo. Nunua betri ya mzigo usiokubali kuzimika, usinunue ya nyumba nzima.

Iweke chini, chumba chenye ubaridi, juu ya ubao ulioinuka. Betri za asidi hupungukiwa na karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Darini chini ya bati zitakufa mapema. Ukuta mnene wa Mji Mkongwe, ghorofa ya chini, unazihifadhi vizuri kuliko nyumba nyingi mpya.

Mambo mawili muulize fundi kabla ya kumkabidhi pesa. Inveta ya kuungana na gridi isiyo na betri hujizima umeme wa gridi unapokatika, hata jua likiwa utosini. Imeundwa hivyo ili isimuue fundi anayetengeneza laini. Na baadhi ya mita za kulipia kabla huhesabu umeme unaotoka nyumbani kana kwamba unaingia, ukajikuta unalipia umeme wako mwenyewe. Inveta iwekewe kikomo cha kutotoa kitu nje, na ZECO wajue ipo.

Halafu chumvi. Jambiani, Paje na Nungwi upepo wa bahari hula chuma mchana na usiku. Kinyasini, kwenye chuo cha Barefoot, wanawake wa vijijini wamefundishwa kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, na ningependa kila shehia ya pwani iwe na fundi wake wa karibu namna hiyo, kwa sababu kinachoharibika kwanza mara nyingi ni kiungio kilicholiwa na kutu. Kwenye makadirio iandikwe wazi: fremu na reli za alumini, bolti na vibanio vya chuma kisichoshika kutu, viungio vya waya visivyopitisha maji. Paneli zioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, alfajiri kabla kioo hakijapata moto, hasa wakati wa kiangazi. Akikwambia fundi kwamba bolti za kawaida zinatosha, muulize yuko tayari kuandika dhamana ya miaka mingapi.