Damu Baada ya Mionzi: Waliotibiwa Ugenini Waulizwe

Mwanamke aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi Kigali au Dar es Salaam amerudi Bujumbura na afya yake. Mwaka mmoja baadaye, au hata zaidi, anaona damu kwenye haja kubwa. Jirani pale Buyenzi anamwambia ni amiba; mwenyewe anaamini saratani imerudi. Huenda si hiki wala kile.

Utumbo wa mwisho umepakana na kizazi, kwa hiyo mionzi ya nyonga haiukosi. Wiki za mwanzo mgonjwa huharisha, kisha hupata nafuu. Lakini madhara kwa mishipa midogo ya damu huendelea kimyakimya. Ukuta wa ndani wa mishipa hiyo huumia na kunenepa, njia ya damu husongwa, na utumbo hupungukiwa oksijeni hadi nyama yake ikakakamaa kama kovu. Mwili nao huotesha vimishipa vipya, dhaifu, vinavyopasuka upesi. Hivyo ndivyo vinavyovuja.

Saratani ya shingo ya kizazi ni miongoni mwa zinazowasumbua zaidi wanawake wa Burundi, na kwa miaka mingi nchi haikuwa na mashine ya mionzi. Wagonjwa walilazimika kwenda Rwanda, Uganda, Tanzania au India. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, hata Kigali iliyo karibu ikawa mbali. Matokeo yake, aliyepiga mionzi yuko nchi nyingine, na anayeiona damu yuko hapa bila kumbukumbu za tiba.

Pengo hilo ni la hatari. Dawa za amiba hupoteza muda. Baya zaidi, kukata kinyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa utumbo huo, usio na damu ya kutosha, kunaweza kuacha kidonda kisichopona, hata tundu linalotokeza ukeni. Chanzo cha damu lazima kichunguzwe kwa kamera, maana saratani nayo hurudi. Ila kisikatwe kitu pasipo sababu. Uvujaji mdogo mara nyingi hupungua wenyewe. Ukizidi, kuna sukralfeti ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, au kuchoma vimishipa kwa gesi ya argoni.

Kila anayemaliza tiba ugenini apewe ripoti inayoonyesha sehemu iliyopigwa, kiasi cha mionzi na tarehe, naye aitunze kama kitambulisho chake. Madaktari wetu nao, kabla ya kuandika dawa ya amiba, wamuulize mama kama amewahi kupigwa mionzi. Swali hilo halihitaji mashine wala fedha, na linaweza kumwepusha na kidonda cha maisha.