Mpira Mmoja, Wenyewe Wawili

Oktoba 7, 2001, mjini San Francisco, Barry Bonds aliupiga mpira wa besiboli ukavuka uzio na kutua kwa watazamaji. Lilikuwa pigo lake la 73 la aina hiyo katika msimu mmoja, rekodi isiyovunjwa hadi leo. Kwa desturi ya mchezo huo, mpira ukifika jukwaani ni wa atakayeudaka. Mtu mmoja aliudaka, umati ukamvamia, mpira ukamponyoka. Mwingine akauokota. Wote wakadai ni wao.

Shauri la namna hiyo lingetokea Tarime au Serengeti, mkoani Mara, wengi wangelipeleka iritongo, mkutano wa hadhara wa Wakurya ambako shahidi husema mbele ya macho ya wote. Jaji wa California naye alisikiliza mashahidi, akatazama video, na Desemba 2002 akaamua kwamba kila mmoja ana haki: mpira uuzwe, fedha zigawanywe nusu kwa nusu. Mwaka 2003 ulinadiwa kwa dola 450,000.

Fedha zote hizo kwa ngozi na nyuzi? Nyamongo, kwenye machimbo ya Tarime, dhahabu huthaminiwa kwa mizani, na gramu ya leo ni sawa na gramu ya jana. Mpira wa mnadani hauna mizani. Kinachonunuliwa ni tukio, na tukio halina bei bila ushahidi. Ndiyo maana tangu 2001 ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina mpango wa kuweka wathibitishaji uwanjani: mpira ukitoka mchezoni hubandikwa stika yenye namba yake pekee, kabla haujachanganyika na mingine.

Afrika imo pia. Ali Bin Nasser wa Tunisia, refa wa mechi ya Argentina na Uingereza kwenye Kombe la Dunia 1986, ile ya Maradona na bao la mkono, aliutunza mpira wa siku hiyo kwa miaka 36. Novemba 2022 ulinadiwa London kwa pauni milioni 2. Hata viatu huuzwa: vile alivyovaa Roger Bannister mwaka 1954 alipokuwa wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne vilifikia pauni 266,500 mwaka 2015.

Mkoa wa Mara unalo la kutunza. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alishika nafasi ya pili mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow 1980, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Tanzania nzima ina medali mbili tu za Olimpiki, yake na ya Filbert Bayi, zote za mwaka huo. Namba ya kifuani, viatu, hata tiketi ya safari ile ni hazina ya taifa, hata kama hakuna muuzaji wala mnunuzi.

Tatizo ni kwamba mipira ya fainali zetu huendelea kupigwa hadi ipasuke. Fainali ya wilaya ikichezwa Mugumu, refa anaweza kuusaini mpira palepale kwa wino usiofutika, akaandika tarehe na matokeo, manahodha wakapigwa picha wakiushika. Klabu na chama cha soka wakubaliane mapema nani atabaki nao. Na usioshwe: tope la uwanja ule ni sehemu ya ushahidi.