Kabla ya kununua doki, chunguza tundu la kipakatalishi chako

MHASIBU anayelinganisha taarifa za benki na vitabu vya hesabu hulazimika kusoma kurasa mbili kwa wakati mmoja. Katika kipakatalishi chenye skrini ya inchi 14, kurasa hizo haziwezi kukaa sambamba na zikasomeka vyema. Hivyo basi, yeye hufungua wa kwanza, akakariri tarakimu, akaufunga na kufungua wa pili. Kosa la tarakimu moja huzaliwa katika safari hiyo fupi.

Mfasiri, mhariri, mchoraji wa ramani za majengo na hata mwalimu anayesahihisha kazi za wanafunzi kwenye tarakilishi hukumbwa na tatizo lilo hilo. Haja ya kulitatua ilidhihirika zaidi kuanzia Machi 2020, wakati serikali ya Kenya ilipohimiza waajiri kuwaruhusu wafanyakazi kuhudumu wakiwa nyumbani kutokana na janga la Covid-19. Wengi walioacha tarakilishi kubwa za ofisini walijikuta na kipakatalishi pekee juu ya meza ya kulia chakula.

Suluhisho ambalo limeenea ni kifaa kiitwacho doki. Huunganishwa na kipakatalishi kwa kebo moja tu, kisha skrini mbili au tatu, kibodi, kipanya, printa na kebo ya mtandao zikachomekwa kwenye doki yenyewe. Mwenye kipakatalishi anapotoka huchomoa kebo moja, na anaporejea huichomeka tena.

Hata hivyo, wapo wanunuzi ambao hugundua, baada ya kulipa, kwamba skrini ya pili imebaki giza au inarudia tu picha ya skrini ya kwanza. Hurudi dukani wakilalamika kwamba wameuziwa kifaa kibovu, ilhali mara nyingi doki haina kasoro yoyote. Kinachoamua idadi ya skrini zitakazowaka si wingi wa matundu ya doki, bali ni uwezo wa kipakatalishi chenyewe na aina ya tundu ambamo kebo inachomekwa.

Ilikotoka

Wazo la doki si geni. Mnamo 1992, kampuni ya Apple ilitoa vipakatalishi vyepesi vya PowerBook Duo pamoja na kisanduku cha mezani kilichoitwa Duo Dock. Kipakatalishi kizima kilisukumwa ndani ya kisanduku hicho, kama kanda ya video inavyotiwa katika mashine yake, kikageuka kuwa tarakilishi ya mezani yenye skrini kubwa.

Kwa miaka mingi baadaye, kila kampuni ilitengeneza doki iliyofaa vipakatalishi vyake pekee. Kwa mfano, vipakatalishi vya Dell Latitude vya kundi la E, vilivyoanza kuuzwa 2008, vina tundu refu upande wa chini ambalo hukalia doki ya kampuni hiyo. Doki kama hiyo haiwezi kutumika na kipakatalishi cha kampuni nyingine.

Mabadiliko makubwa yalikuja 2014 ulipochapishwa muundo wa tundu la USB-C. Hili ni tundu dogo la umbo la yai, ambalo plagi yake huingia bila kujali upande upi uko juu. Ndani yake mna nyaya za kutosha kubeba data, picha na umeme kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, doki ya kampuni moja iliweza kutumika na kipakatalishi cha kampuni nyingine.

Lakini hapo ndipo utata ulipoanzia. Matundu ya USB-C hufanana kwa sura, ila hayafanani kwa kazi. Lipo linalopitisha data peke yake. Lipo linalopitisha data na umeme, lakini si picha. Lipo pia linalobeba vyote vitatu. Anayechomeka doki ya kawaida katika tundu lisilobeba picha ataona kibodi na kipanya vikifanya kazi, huku skrini zote zikibaki nyeusi.

Njia tatu za picha

Picha huweza kutoka katika kipakatalishi hadi kwenye skrini kwa njia tatu, na doki hutofautiana kulingana na njia iliyotumiwa.

Njia ya kwanza ni ile ya DisplayPort kupitia USB-C. Hapa chipu ya picha iliyomo ndani ya kipakatalishi huchora kila kitu, na doki hugawa tu mkondo mmoja wa picha kuwa mikondo miwili au mitatu. Ufundi huo wa kugawa mkondo, unaojulikana kama MST, uliletwa na toleo la 1.2 la DisplayPort. Vipakatalishi vya Windows vyenye tundu linalobeba picha huuelewa ufundi huo kwa kawaida. Tarakilishi za Apple huutumia kwa njia tofauti: mfumo wake wa macOS haukubali MST kwa ajili ya kupanua eneo la kazi, na ndiyo maana skrini mbili zilizounganishwa kwa doki ya aina hii huonyesha picha moja iliyorudiwa.

Njia ya pili ni Thunderbolt. Toleo la tatu la teknolojia hii, lililotangazwa 2015, hutumia tundu lenye umbo lile lile la USB-C lakini hupitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Kuanzia toleo la nne la 2020, masharti yanataka tarakilishi iweze kuendesha skrini mbili za 4K. Toleo la tano, lililotangazwa 2023, huanzia gigabiti 80 kwa sekunde. Doki za Thunderbolt huwa na nguvu zaidi, lakini bei yake huwa juu, na zile za matoleo ya awali haziwezi kufanya kazi katika tundu la kawaida la USB-C.

Njia ya tatu ni DisplayLink, teknolojia iliyoasisiwa na kampuni ya Uingereza na ambayo tangu 2020 inamilikiwa na Synaptics. Badala ya kutumia njia ya picha, programu maalum iliyowekwa katika tarakilishi hubana picha na kuituma kama data ya kawaida ya USB. Chipu iliyo ndani ya doki huifungua na kuipeleka kwenye skrini.

Manufaa ya njia hii ni kwamba hufanya kazi hata katika tundu pana la USB la zamani, ambalo halikuundwa kubeba picha. Kwa wenye vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo kabla ya kuletwa nchini, huenda hii ikawa ndiyo njia pekee ya kuongeza skrini mbili. Hata hivyo, ina gharama yake. Kazi ya kubana picha huongezewa bongo la tarakilishi, hivyo haifai michezo ya video wala uhariri mzito wa filamu. Aidha, baadhi ya filamu zinazolindwa na hakimiliki zinaweza kukataa kuonekana. Kwa barua, majedwali ya hesabu na kurasa za mtandao, inatosha.

Hesabu ya mkondo

Sababu ya skrini kukataa kuwaka mara nyingi ni hesabu tu, sawa na mfereji mmoja unaotarajiwa kujaza matangi mawili kwa wakati mmoja.

Skrini ya kawaida ya Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. Kila nukta huhitaji biti 24 za rangi, na picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukizidisha tarakimu hizo, utapata takriban gigabiti 3 kwa sekunde. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, kwa hivyo huhitaji takriban gigabiti 12.

DisplayPort 1.2 hupitisha kiasi cha gigabiti 17 za picha kwa sekunde ikiwa njia zote nne za kebo zimetengewa picha. Lakini doki nyingi za USB-C hutenga njia mbili kwa picha na kuacha zile nyingine kwa data ya haraka. Hapo kinachobaki kwa picha ni nusu, yaani kati ya gigabiti 8 na 9. Skrini mbili za Full HD zitapita bila shida. Skrini moja ya 4K haitapita kwa mwendo wa mara 60, bali itashuka hadi mara 30 kwa sekunde, na mtumiaji ataona mshale wa kipanya ukisitasita. Skrini mbili za 4K zisitarajiwe kabisa katika mpangilio huo.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitokani na kebo. Chipu ya picha yenyewe ina idadi ya skrini inazoweza kuhudumia. Mfano mashuhuri ni MacBook Air yenye chipu ya M1 ya 2020 na ile ya M2 iliyofuata, ambazo huendesha skrini moja tu ya nje. Ile ya M3 ya 2024 huendesha mbili iwapo kifuniko kimefungwa, na ya M4 ya 2025 huendesha mbili hata kikiwa wazi. Hakuna doki ya kawaida, hata iwe ghali namna gani, inayoweza kuipa M1 skrini ya pili ya nje. Ile ya DisplayLink inaweza kukwepa kikwazo hicho, kwa kuwa haipitii njia ya chipu ya picha.

Umeme nao

Doki nyingi za USB-C huchaji kipakatalishi kupitia kebo ile ile. Muundo wa awali uliruhusu hadi wati 100, na marekebisho ya 2021 yakapandisha kiwango hicho hadi wati 240. Lakini kila doki ina kiwango chake, na baadhi hutwaa sehemu ya umeme wa chaja kwa matumizi yao. Ikiwa kipakatalishi kilikuja na chaja ya wati 65 na doki inatoa wati 45 pekee, betri itachaji polepole mno au itapungua polepole wakati wa kazi nzito.

Vilevile, doki yenye chaja yake hutegemea umeme wa ukutani. Stima inapopotea, kipakatalishi huendelea kwa betri, lakini skrini zote za nje huzimika na mtandao wa kebo hukatika. Anayefanya kazi zisizoruhusu kukatizwa, kama vile mikutano ya mtandaoni, hana budi kufikiria kifaa cha kuhifadhi umeme kitakachobeba doki, skrini na kisambaza intaneti kwa dakika kadhaa.

Namna ya kuchunguza

Hatua ya kwanza ni kutazama alama iliyo kando ya tundu la USB-C. Alama ya radi yenye mshale humaanisha Thunderbolt. Alama ya herufi P iliyo ndani ya D humaanisha kwamba tundu linabeba picha ya DisplayPort. Ikiwa hakuna alama, jibu limo katika maelezo ya kiufundi ya modeli husika kwenye tovuti ya mtengenezaji. Jina kamili la modeli huandikwa chini ya kipakatalishi.

Hatua ya pili ni kusoma, katika maelezo hayo hayo, idadi ya skrini za nje zinazokubalika na ukubwa wa picha zake. Hatua ya tatu ni kulinganisha wati za chaja ya kipakatalishi na zile za doki. Hatua ya nne ni kutazama nyuma ya skrini ulizo nazo. Skrini kuukuu yenye tundu la VGA pekee, muundo ulioanza 1987, itahitaji doki yenye tundu hilo au kigeuzi kinachofaa.

Anayenunua katika maduka ya vifaa vya elektroniki, kama yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, afadhali abebe kipakatalishi chake na kuomba doki ijaribiwe kwa skrini mbili kabla ya kutoa pesa. Kebo iliyokuja na doki ndiyo itumiwe, kwa sababu kebo nyingi za kuchajia simu haziwezi kubeba picha.

Baada ya kuunganisha, mtumiaji wa Windows hubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P, kisha akachagua kupanua badala ya kurudia picha. Katika mipangilio ya skrini, visanduku vyenye namba husogezwa hadi vifuate mpangilio wa skrini zilivyo mezani, ili kipanya kikielekezwa kulia kiingie skrini ya kulia. Wapo waliodhani doki imeharibika, kumbe hawakufikia hatua hii.

Kwa yule mhasibu anayehitaji skrini mbili za Full HD na ambaye kipakatalishi chake kina tundu linalobeba picha, doki ya kawaida ya USB-C itamtosha na hana haja ya kugharimikia Thunderbolt. Akiwa na kipakatalishi cha zamani, ya DisplayLink itamfaa. Anayetanguliza ununuzi na kuuacha uchunguzi nyuma ndiye hukumbuka baadaye kwamba majuto ni mjukuu.