Moshi, upepo na mvua nyepesi: namna ya kuielewa hali ya hewa ya mwisho wa kiangazi

Msikilizaji wetu wa Runzewe, Ushirombo, Masumbwe na hadi kule Kahama, kila ifikapo Septemba na Oktoba utabiri huwa na maneno yaleyale: mawingu kiasi, upepo, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Moshi hautajwi sana, lakini ndio tunaoamka nao. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yanavyohusiana, ili ukisikia utabiri ujue la kufanya.

Moshi unatoka wapi?

Kuanzia Juni hadi Septemba hatupati mvua ya maana. Majani hukauka katika misitu ya miombo, hasa upande wa Kigosi na Moyowosi. Moto huanzia kwa mtu anayesafisha shamba, anayechoma mkaa, anayerina asali au anayetaka majani mapya ya mifugo, kisha unamshinda. Kiangazi upepo wetu wa kawaida hutoka kusini-mashariki, na unaweza kubeba moshi makumi ya kilomita. Ndiyo maana unaona moshi kijijini na hakuna moto karibu.

Kwa nini unakuwa mzito alfajiri? Usiku ardhi hupoa, na hewa ya chini inakuwa baridi na nzito. Hewa yenye joto iliyo juu yake huifunika kama mfuniko wa sufuria. Moshi unabaki chini, hasa mabondeni. Jua likipanda, hewa huinuka na moshi hupungua. Dereva wa bodaboda au wa lori anayeelekea Nyakanazi alfajiri awashe taa na apunguze mwendo.

Upepo

Upepo huongezeka mchana, wakati majani yamekauka zaidi. Moto uliowashwa asubuhi kukiwa kumetulia unaweza kuruka barabara saa nane mchana. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: wingu la mvua likikaribia, hewa baridi hushuka kwa nguvu na upepo hubadili mwelekeo ghafla. Aliyesimama mahali salama anajikuta mbele ya moto.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutumia maneno matatu yanayopanda kwa uzito: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukisikia lolote kati ya hayo kuhusu upepo, siku hiyo usiwashe moto shambani.

Mvua nyepesi

Manyunyu ya kwanza hutuliza vumbi, lakini hayazimi visiki na magogo. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi kuliko kavu, na kisiki kilicholowa kidogo kinafuka vivyo hivyo. Kwa hiyo moshi unaweza kuongezeka siku moja au mbili baada ya manyunyu, na upepo ukirudi moto huwaka tena.

Mvua hiyo pia si ya kupandia. Chimba shimo la kina cha kiganja. Ukikuta udongo mkavu chini, subiri, na umuulize afisa ugani. Kumbuka vilevile kwamba TMA huiweka Geita na Shinyanga katika Kanda ya Ziwa Victoria, yenye vuli Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Wenzetu wa Tabora wana msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Bukombe tuko karibu na mpaka wa maeneo hayo mawili, basi sikiliza vizuri utabiri unaosomwa ni wa nani.

Afya

Chembe za moshi zinazodhuru zaidi ni ndogo sana, nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi, na hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Kitambaa au kanga puani huzuia vumbi, lakini chembe hizo hupita.

Moshi ukiwa mzito, wazee, wajawazito, watoto na wenye pumu wakae ndani hadi jua lipande, na jiko la kuni liwe nje. Mtoto anayepumua haraka au kifua chake kinabonyea ndani apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Na wewe uliyefanya kazi mgodini au kwenye karasha za mawe, kikohozi cha wiki mbili au zaidi usikisingizie moshi. Nenda ukapimwe kifua kikuu.

Moto ukiuona, mpigie mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuwasha moto ovyo. Kama ni lazima uchome shambani, pata kibali, safisha ukanda kuzunguka shamba, waite majirani, na usiondoke mpaka majivu yapoe.